Utepe wa viroba: ukivutwa mara 6 unakuwa imara, mchana unachanika wenyewe. Kwa nini?

#1 Zamu_ya_Usiku
Wakuu, salaam.

Nina miaka minne kwenye laini ya utepe wa viroba hapa Dar, vile vya salfeti vinavyofungashiwa sembe, mchele na sukari. Kwa asiyejua kazi yenyewe: punje za polipropilini zinaingia kwenye pipa lenye skrubu, zinayeyuka kwenye nyuzijoto 240 hivi, zinasukumwa kwenye mdomo mpana na kutoka kama shuka jembamba. Shuka linazama kwenye beseni la maji, linapanda likiwa limeganda, linapita kwenye safu ya viwembe na kuchanwa kuwa tepe. Tepe zinaingia kwenye oveni ya hewa moto, nyuzijoto 150 hivi, na roli za mbele zinazunguka kwa kasi mara 6 ya roli za nyuma. Kila mita moja inayoingia inatoka mita 6. Baada ya hapo bobini, kisha mashine za kufuma.

Nina mambo mawili yananinyima usingizi.

La kwanza. Shuka likitoka majini, ukikata kipande ukivuta kwa mikono linanyooka kama chingamu, halina nguvu. Likipita oveni, utepe huo huo umekuwa mwembamba mara 6 lakini ukiuvuta ghafla unakukata kidole. Hakuna kilichoongezwa njiani. Nguvu imetoka wapi?

La pili. Wiki ya tatu sasa, ikifika saa nane mchana tepe zinaanza kuchanika kwa urefu, zinatoa manyuzinyuzi kama mkonge, mashine za kufuma zinasimama kila saa. Usiku zinatulia. Mipangilio haijaguswa. Mkuu wa zamu anasema malighafi mbaya. Fundi umeme anasema hita za oveni. Mimi nahisi ni maji. Mwenye uzoefu aniambie.

#2 Kichwangumu
Nimefungua uzi mbio nikidhani viroba vimerudi, vile vya pombe vilivyopigwa marufuku 2017. Kumbe viroba vya sembe!

Jibu ni rahisi mkuu. Ukivuta kitu unakibana, kikibanwa kinakuwa kizito zaidi ndani, ndiyo maana kinakuwa imara. Sawa na kukaza fundo.

#3 Mwalimu_wa_Kemia
Kichwangumu, hapana. Uzito kwa ujazo haubadiliki kiasi hicho. Polipropilini isiyo na mpangilio ina gramu 0.85 kwa sentimita moja ya ujazo, na ile iliyo fuwele tupu ina 0.94 hivi. Hata ungeibadilisha yote kuwa fuwele, tofauti ni kama asilimia 10. Nguvu ya utepe inaongezeka mara kadhaa. Kubanwa hakuwezi kulieleza hilo.

Kinachotokea ni hiki. Plastiki ni minyororo mirefu ya kaboni. Ikiyeyuka, kila mnyororo umejikunja hovyo na kufungamana na jirani zake, kama tambi kwenye sufuria. Ikipoa, sehemu za minyororo zinajipanga sambamba na kuwa fuwele, sehemu nyingine zinabaki zimevurugika katikati. Kwa hiyo plastiki ya namna hii haiwi fuwele yote. Polipropilini ya kawaida hufika nusu au zaidi kidogo.

Ukiivuta ikiwa na joto lakini haijayeyuka, unailazimisha minyororo ielekee upande mmoja. Sasa ukiuvuta utepe, unaivuta minyororo yenyewe, na muungano wa kaboni kwa kaboni ni mgumu sana kuuvunja. Kabla ya hapo ulikuwa unaitelezesha tu mmoja juu ya mwingine.

Na si kila polipropilini ingekubali kujipanga. Vitawi vyake vya pembeni lazima vikae upande mmoja kwa utaratibu. Aliyefanikisha hilo ni Giulio Natta, Milano, 1954, kwa kichocheo cha Karl Ziegler, yule Mjerumani aliyegundua polithini. Wote wawili walipata Nobeli 1963.

#4 Bi_Ukili
Habari zenu. Mimi si wa kiwandani, nasuka vikapu kwa zile stripu za kufungia maboksi, nanunua kwa kilo. Niseme ninachokijua kwa mikono.

Stripu hata siku moja haikatiki kwa upana ukiivuta. Lakini ukiikwaruza kwa kucha upande wa urefu inapasuka kama ukindu, mpaka mwisho. Na ukiisogeza karibu na jiko la mkaa, inajikunja na kuwa fupi. Haipungui upana, inaongezeka hata unene. Nimeharibu kikapu kizima kwa kukiweka karibu na jiko. Je, ndiyo hayo hayo mnayosema?

#5 Mwalimu_wa_Kemia
Dada Bi_Ukili, ndiyo hayo hayo, na umeyaeleza kuliko mimi. Upande wa urefu unavuta minyororo. Upande wa upana hakuna kinachoishika isipokuwa mvutano mdogo kati ya mnyororo na mnyororo, ndiyo maana kucha inatosha. Na joto likiilegeza, minyororo iliyonyooshwa inataka kurudi kwenye mkunjo wake, inafupika kwa urefu na kutanuka pembeni.

Zamu_ya_Usiku, tatizo lako la mchana ni hilo hilo la stripu: umevuta kupita kiasi.

#6 Sohar_Kwetu
Wakuu salaam kutoka Oman. Niko Sohar, hapa polipropilini inatengenezwa, na nimekaa maabara ya kupima ubora miaka kadhaa.

Mwalimu, masahihisho kidogo kwa heshima. Ziegler hakugundua polithini. Polithini ilipatikana Uingereza, 1933, kwenye maabara za kampuni ya kemikali ya ICI, Gibson na Fawcett walipobana gesi ya ethilini kwa shinikizo kubwa mno. Alichofanya Ziegler 1953 ni kuipata kwa shinikizo dogo, na ile ikatoka na minyororo iliyonyooka zaidi, ngumu zaidi.

Tena tambi peke yake haitoshi kueleza. Mnyororo ukiwa fuwele haulali umenyooka. Unajikunja kwenda na kurudi, kama mita ya fundi seremala ya mbao, na kufanya bamba jembamba sana, unene kama nanomita 10. Andrew Keller wa Bristol alilionyesha hilo 1957. Mabamba haya yanaota kutoka kwenye kiini kwenda pande zote, yanafanya kitu cha duara kama ua. Shuka lako likiwa na ukungu mweupe badala ya kung'aa, unaona maduara hayo yakitawanya mwanga.

Swali la nguvu sasa linakuwa: oveni inayafanya nini mabamba yaliyokunjwa?

Na kitu kingine. Plastiki ikipita kwenye mdomo na kuvutwa kuelekea majini, minyororo mirefu kuliko mingine inanyooka mapema. Iliyonyooka inakuwa kama sindano ya kuchomea nyama, na mabamba yanaota juu yake pembeni. Mholanzi Pennings aliona umbo hilo miaka ya 1960 akikoroga polithini iliyoyeyushwa kwenye kimiminika. Waliliita kwa jina la chakula, na sisi jina tunalo: mshikaki. Mimi naamini nguvu ya utepe inaanzia kwenye mishikaki hiyo, kabla ya oveni. Ndiyo maana tunapima urahisi wa kutiririka. Punje za utepe zikiyeyushwa, hupita kama gramu 3 kwa dakika 10 kwenye tundu dogo la kipimo. Zinazotiririka kama maji hazina minyororo mirefu, sindano hazipatikani.

#7 Msomaji_Kimya
Miaka mitano nasoma bila kuandika, leo mshikaki umenitoa. Endeleeni.

#8 Nyundo_Baridi
Wadau, mimi ni wa Nairobi, laini ya magunia pia. Sohar_Kwetu, kwenye mshikaki tunatofautiana. Kwa nyuzijoto 240 minyororo inasahau kila kitu kwa muda mfupi sana. Ukinyoosha hapo mdomoni, ikifika majini imeshajikunja tena. Labda ile michache mirefu sana. Kazi yote iko kwenye oveni, na kabla ya oveni kwenye maji.

Zamu_ya_Usiku, wewe uko sahihi, ni maji. Polipropilini ikipozwa haraka kwa maji baridi haipati muda wa kuota yale maua makubwa. Inabaki nusu njia, mpangilio umeanza lakini haujakamilika, shuka linang'aa. Shuka hilo linavutika vizuri, fuwele halisi zinajengwa ndani ya oveni zikiwa tayari zimeelekezwa. Maji yakiwa moto, maua yanakua kabla. Ukiyavuta yanatengana kwenye mipaka yake, na kila mpaka ni mwanzo wa mpasuko. Sisi tuliwahi kuharibikiwa na mtambo wa kupooza maji mwezi wa pili, na dalili ni hizo hizo zako. Pima maji saa nane, usiulize mtu.

#9 Fundi_Bomba
Habari wakuu. Naunga mkono fuwele lakini mvuto naona mnaupa sifa nyingi. Mimi naunga mabomba ya maji ya polithini ngumu, yale meusi yenye mstari wa buluu. Bomba halivutwi mara 6. Linatoka mashineni, linapozwa na maji kwa nje, basi. Na bado la daraja la PE100 limekadiriwa kubeba mkazo wa megapaskali 10 (kama kilo moja kwa kila milimita mraba) kwenye nyuzijoto 20 kwa miaka 50. Nguvu hiyo imetoka kwenye kuvuta gani?

Ninavyoelewa, siri ni minyororo inayoanzia kwenye bamba moja na kuishia kwenye bamba jingine, kama mishono. Mabamba hata yawe mengi namna gani, bila mishono bomba linapasuka polepole kama kioo. Nimefukua bomba la bei rahisi, miaka sita tu ardhini, ufa mwembamba ulionyooka, hakuna dalili ya kuvutika. Lile lilikuwa na fuwele, halikuwa na mishono.

#10 Sohar_Kwetu
Fundi_Bomba, hapo kwenye mishono nakupa mkono. Kwenye PE100 vitawi vidogo vinawekwa makusudi kwenye minyororo mirefu, ili isijikunje yote ndani ya bamba moja.

Ila usilinganishe bomba na utepe. Utepe mzuri wa kuvutwa, kwa eneo lile lile la ubavu, unabeba mara kumi au zaidi ya hizo megapaskali zako. Ingawa zako ni za miaka 50 na zake ni za sekunde chache, kwa hiyo hata ulinganisho wangu una dosari.

#11 Chuma_cha_Pua
Zamu_ya_Usiku, kwenye #1 umeandika utepe unakuwa mwembamba mara 6. Sivyo, na hesabu hii itakusaidia kazini.

Ujazo haubadiliki. Urefu ukiongezeka mara 6, eneo la ubavu linapungua mara 6, lakini linagawana upana na unene. Kila kimoja kinapungua kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani mara 2.45. Ukichana kwa viwembe milimita 6.1 na shuka la maikroni 98, unatoka na utepe wa milimita 2.5 kwa maikroni 40.

Uzito wake sasa. Dinia ni gramu za mita 9,000. Milimita 2.5 mara 0.04 ni milimita mraba 0.1. Kwa mita 9,000 unapata sentimita za ujazo 900, mara 0.91 ambayo ni gramu za kila moja, gramu 819. Kwa hiyo ni dinia 820. Utepe mzuri hubeba gramu 5 kwa kila dinia moja, kwa hiyo utepe wako mmoja unapaswa kuinua kilo 4. Funga ndoo yenye maji, vyote pamoja kilo 4, uone. Ukikatika kabla, kuna tatizo.

#12 Kichwangumu
Chuma_cha_Pua umesahau chaki. Kila kiwanda kinaweka chaki kupunguza gharama, na chaki ina uzito karibu mara 3 ya plastiki. 0.91 yako haisimami.

Nakubali nilikosea #2. Lakini hapa sikosei, nimebeba mifuko ya chaki hiyo mgongoni miaka miwili.

#13 Chuma_cha_Pua
Kichwangumu, uko sahihi kabisa, hesabu yangu ni ya plastiki tupu. Kwenye chaki dinia inapanda na nguvu kwa kila dinia inashuka, kwa sababu chaki ina uzito lakini haibebi mzigo.

#14 Nyundo_Baridi
Chaki kidogo inasaidia pia. Punje zake zinaufanya utepe ukwaruze kidogo usiteleze kwenye kufuma, na zinapunguza kuchanika. Ikizidi ndipo kila punje inakuwa tundu.

#15 Mkonge_Tanga
Nisamehewe kutoka nje ya mada, ingawa naona niko ndani yake kabisa.

Zamu_ya_Usiku kasema "manyuzinyuzi kama mkonge", nikashtuka. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, babu yangu pia. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Hindorf 1893, na kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Soko kubwa lilikuwa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo huko Ulaya na Marekani. Kisha ikaja kamba ya plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakafungwa, watu wakaondoka kambini na masanduku kichwani. Nimekua nikisikia "plastiki ilituua" bila kuelewa ni plastiki gani.

Leo nimeelewa. Ni huu utepe, uliovutwa mpaka unachanika kuwa nyuzi. Kamba zile za plastiki zinatengenezwa kwa kuuchana utepe makusudi na kuusokota. Wenzetu wanaogopa kuchanika huko, na wale walikugeuza biashara. Unyuzi wa mkonge nao, kama sijakosea, ni minyororo iliyolala sambamba, ila mmea umeipanga wenyewe shambani bila oveni.

#16 Mwalimu_wa_Kemia
Hujakosea mzee wangu. Unyuzi wa mkonge ni selulosi, minyororo mirefu ya sukari, sehemu kubwa ikiwa fuwele na imelala karibu sambamba na urefu. Asante kwa hadithi hii, nitaitumia darasani.

#17 Mama_Uji
Mimi swali la jikoni. Niliweka uji wa moto kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, ikasinyaa ikawa kama ngumi, lakini shingo yenye kizibo haikuguswa. Ni mambo haya haya?

#18 Sohar_Kwetu
Mama_Uji, ndiyo, ingawa ile ni plastiki nyingine, PET. Chupa inaanza kama mrija mdogo mnene, shingo ikiwa tayari. Unapashwa, unavutwa kwa urefu na kupulizwa kwa upana. Mwili umenyooshwa pande mbili, shingo haikuguswa. PET inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 70 na kitu, uji wako ulikuwa juu ya hapo, mwili ukakumbuka umbo la zamani. Shingo haina cha kukumbuka. Angalia chupa za juisi zinazojazwa moto kiwandani, nyingine shingo yake ni nyeupe kama maziwa. Hizo wameiachia iote fuwele makusudi ili isilegee.

Unaona hapo, fuwele bila kuvuta: ngumu lakini inapasuka kwa urahisi. Kuvuta kunaleta vyote viwili, na chupa inabaki angavu kwa sababu fuwele zake ni ndogo mno.

#19 Nyundo_Baridi
Turudi kwenye swali la Sohar_Kwetu la #6, maana ndilo lenye utamu: oveni inayafanya nini mabamba? Niliwahi kufundishwa kwamba yanainama, yanavunjika vipande vidogo kama matofali, na vipande vinapangwa upya kwenye nyuzi nyembamba, vikishikwa na ile mishono ya Fundi_Bomba. Hiyo ni nadharia ya mtafiti Peterlin. Ukivuta filamu kwa mikono unaona inatengeneza shingo, sehemu moja inasinyaa ghafla na shingo inatembea. Kuvunjika kwa matofali ni pale kwenye shingo.

#20 Mwalimu_wa_Kemia
Kuna upande wa pili. Flory, Mmarekani wa Nobeli 1974, alisema minyororo imefungamana mno kuweza kuchomoka matofali mazima mazima. Kwake yeye pale kwenye shingo fuwele zinayeyuka kwa nguvu ya kuvutwa na kuota upya papo hapo, zikiwa zimeelekezwa. Hata hayo mabamba yaliyokunjwa vizuri aliyapinga, akasema mnyororo unatoka kwenye bamba na kurudi popote pale, kama waya za ubao wa simu za zamani. Mwaka 1979 walikutana Cambridge kulijadili, na mjadala ulikuwa mkali kwelikweli.

#21 Fundi_Bomba
Kama waliokutana Cambridge hawakumalizana, sisi tutamaliza kwa simu za tachi?

#22 Chuma_cha_Pua
Ukaidi wa utepe, yaani ugumu wake wa kunyooka, una dari lake, na dari linategemea umbo la mnyororo. Mnyororo wa polithini kwenye fuwele umenyooka zigizaga, ukaidi wake kwa urefu ni gigapaskali zaidi ya 200 (gigapaskali moja ni megapaskali 1,000), sawa na chuma. Mnyororo wa polipropilini umejisokota kama springi, kwa hiyo dari lake ni kama 40 tu. Zamu_ya_Usiku hata avute vipi hatafika kwa polithini. Waholanzi Smith na Lemstra, kwenye kampuni ya DSM, walichukua polithini ya minyororo mirefu mno, wakaiyeyusha kwenye kimiminika ili mafundo kati ya minyororo yapungue, wakaivuta makumi ya mara. Ndiyo Dyneema, kamba ya kuvutia meli inayoelea juu ya maji.

Kwa hiyo mafundo pia yana sehemu yake. Yakiwa mengi huwezi kuvuta mbali, yakiwa machache mno hakuna kinachoshika. Hilo hamjaligusa.

#23 Zamu_ya_Usiku
Wakuu nimerudi, poleni kwa kimya, nilibadilishiwa zamu niwe mchana ili nione mwenyewe.

Nimepima maji. Saa kumi alfajiri nyuzijoto 29. Saa tisa alasiri 43. Shuka la alasiri lina ukungu, la alfajiri linang'aa. Nyundo_Baridi nilikupigia saluti nikiwa peke yangu pale.

Jumatano nikashusha mvuto kutoka mara 6 hadi 5.5, kama Mwalimu alivyosema. Kuchanika kukapungua sana. Lakini dinia ikapanda kutoka 820 hadi karibu 895, kiroba kikawa kizito, na bosi hauzi uzito bure. Nikaambiwa nirudishe.

Halafu nikagundua Jumatano hiyo hiyo asubuhi fundi umeme alibadilisha hita mbili za oveni. Anasema zilikuwa zinakata mchana umeme ukishuka, utepe unavutwa ukiwa na joto pungufu, unafunguka vitundu ndani na kuwa mweupe. Na kweli tepe za mchana zilikuwa nyeupe kama lulu kuliko za usiku. Sasa sijui nimshukuru nani.

Kilo 4 za Chuma_cha_Pua: za usiku zimebeba ndoo. Za mchana, mbili kati ya kumi zilikatika.

#24 Nyundo_Baridi
Weupe wa lulu unaletwa na vitundu, hapo fundi umeme ana hoja. Lakini maua makubwa nayo yanaleta vitundu yakitengana. Badilisha kitu kimoja tu, mvuto uache 6, hita uziache. Kanunue magogo ya barafu Feri, yale ya wavuvi, tumbukiza kwenye beseni mchana mmoja.

#25 Kichwangumu
Barafu ya samaki kwenye mashine ya mamilioni! Nimependa. Mkuu tuletee majibu, mimi silali.

#26 Zamu_ya_Usiku
Jumamosi tumefanya. Magogo sita, mkuu wa zamu alikubali baada ya kumsomea uzi huu. Maji yakashuka hadi 31. Saa ya kwanza, safi kabisa, shuka linang'aa kama kioo, bobini zote zinajaa. Saa ya pili kuchanika kukarudi, si kama zamani, labda nusu. Na maji bado yalikuwa 33, nilikuwa nimesimama na kipimo mkononi.

#27 Sohar_Kwetu
Basi si maji peke yake. Niulize kitu nilichopaswa kuuliza mwanzo: mnachanganya chakavu iliyosagwa? Saa ngapi? Kila plastiki ikipita tena kwenye skrubu na joto, minyororo inakatika, na inayokatika zaidi ni ile mirefu. Sindano za mshikaki zinapotea na mishono pia.

#28 Zamu_ya_Usiku
Nimemuuliza mkuu wa zamu leo asubuhi. Chakavu ya usiku inasagwa asubuhi, inaanza kuchanganywa kuanzia saa saba mchana. Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu usiku haichanganywi.

Jumatatu tunaendesha bila chakavu, maji yakiwa moto vile vile, bila barafu. Fundi umeme ameahidi kuandika voltiji kila nusu saa.

#29 Nyundo_Baridi
Bado nasema maji ni nusu ya tatizo. Na mwambie bosi aongeze polithini laini kidogo kwenye mchanganyiko, inasaidia sana kuzuia kuchanika. Sisi hatuendeshi bila hiyo.

#30 Bi_Ukili
Ndugu yangu Zamu_ya_Usiku, bobini za tepe zilizochanika mnazipeleka wapi? Kama mnazitupa, nina wanawake kumi na mbili wanaojua kusuka manyuzinyuzi hayo.